Kitambaa cha Shati la Amisi

Harufu ya kafuri hunifanya niangalie chini, kama mtoto aliyeulizwa swali. Kwa miaka mingi kaka yangu Amisi aliniuliza mama alikopata kitambaa cha shati lake la shule wakati wa vita, nami kila mara nilijibu kwamba sijui. Nilijua. Nimesoma chuo kikuu, nimeandika insha ndefu juu ya umuhimu wa kusema kweli, baadhi yake zimesomwa hata na watu wasio ndugu zangu. Na muda wote huo nilikuwa na uongo wangu mmoja, nikiulisha na kuutunza kama kuku wa mayai.

Tulikaa mtaa wa Kasuku, si mbali na mto. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, na Amisi alikuwa amebakiza mwaka mmoja afike mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Treni ilikuwa imekufa, na baba alikuwa amekwama upande wa pili wa vita. Hatukujua kama yu hai. Siku zile mvulana mrefu mwenye shati jeupe na suruali ya buluu hakuonekana mwanafunzi. Alionekana mabega ya kubebea masanduku ya risasi. Wengine walichukuliwa njiani wakienda shule. Wengine, kwa kuchoka kuogopa, walijipeleka wenyewe machimbo ya Kalima kuchimba kasiterite, mawe ya bati. Madawati ya shule ya serikali yakawa yanapumua.

Basi akina mama wa avenyu yetu wakabuni njia. Mashati yalisafiri juu ya vichwa vya mabinti, yamekunjwa ndani ya beseni na kufunikwa sombe, majani ya muhogo. Wavulana walitangulia wamevaa matambara, majembe begani, wakitembea kivivu kama watu waendao shambani bila hamu, jambo ambalo kwa Amisi halikuhitaji mazoezi. Walivalia nyuma ya jiko la shule, nasi mabinti tukakaa langoni tukiuza sombe mpaka kengele ya mwisho, ili mashati yarudi kichwani. La Amisi lilinuka majani mabichi kutwa nzima. Nina hakika hesabu zake zote alizifanya akiwa na njaa.

Asubuhi moja askari wa kizuizi cha barabarani alitamani sombe.

“Weye mutoto, tua beseni.”

Nikatua. Akachota majani kwa mikono miwili, na shati likaja pamoja nayo.

“Hii ni ya nani?”

“Yangu, afande.”

Akalipima mwilini mwangu. Lilinifika chini ya magoti. Mwenzake akacheka mpaka akakaa chini. “Acha mutoto akomae kwanza,” alisema. Yule wa kwanza hakucheka. Alilivaa juu ya fulana yake, akafunga vifungo taratibu, akaniambia niende.

Mkuu wa shule, tuliyemwita prefe, alikuwa mtu mwema mwenye sheria moja: bila shati jeupe huingii darasani, vita au si vita. Aliamini kwamba siku akiilegeza sheria hiyo, shule itakuwa imekwisha fungwa. Na kitambaa cheupe sokoni hakikuwepo.

“Mama, miye naenda Kalima,” Amisi alisema mchana ule. “Wenzangu wananingoja kesho.”

Mama alikuwa akitwanga. “Na kule Kalima munavaa shati gani?”

“Hakuna mutu anavaa shati, mama. Iko matope tu.”

“Sawa. Kwanza uniletee maji ya muto.”

Alipotoka tu na madumu, mama alivuta sanduku la chini ya kitanda, lile tulilokatazwa hata kulikalia. Akatoa bafta nyeupe, iliyokunjwa na vipande vya kafuri katikati. Aliiweka pajani kidogo, kisha akaikata.

“Mwamini,” aliniambia bila kuinua kichwa, “kaka yako akikuuliza, haujui.”

“Sijui nini, mama?”

“Ndo vizuri. Hivyo hivyo.”

Alishona kwa mkono hadi alasiri. Kola ilisimama upande mmoja kama sikio la mbuzi.

“Imetoka wapi?” Amisi aliuliza.

“Imetoka kwa Mungu. Vaa, Baba, tuone.” Alimwita Baba kwa sababu alibeba jina la babu yetu.

Amisi alilivaa. Alinusa kola, akamtazama mama, na kesho yake wenzake waliondoka bila yeye. Wako ambao hatujawaona tena. Shuleni walimcheka kwa ile kafuri: “Shehe Amisi, leo utatuswalisha fizikia?” Shati lile alilifua mwenyewe, hakuniachia hata siku moja, mpaka alipopata diploma yake ya sekondari.

Mimi niliona tu kitambaa kizuri kilichoharibiwa na mkasi. Nilikuwa mtu mzima alipofariki shangazi, wanawake wakafungua sanduku lake na kutoa bafta aliyojiwekea, ndipo nikaelewa. Wazee wetu hujiwekea sanda mapema, wasiwe mzigo kwa mtu. Nyumba itakosa chumvi, na sanda haitaguswa. Mama alikuwa amempeleka mwanawe shule ndani ya nguo ya kaburi lake mwenyewe. Nikaelewa pia kwa nini nilitakiwa nisijue: kijana gani angekaa darasani akiwa ameivaa sanda ya mama yake? Nikaendelea kukana, sasa kwa bidii ya msomi.

Mama alitutoka masika haya, alfajiri. Amisi anafundisha fizikia Kisangani. Nilimpigia simu huku wanawake wakichemsha maji ya kuoshea, nikitafuta maneno ambayo hayatafungua lile sanduku.

“Yaya Amisi, mama ametuacha. Nataka kutuma mutu sokoni, atafute—”

“Usitume mutu, Mwamini.”

Nilimsikia akivuta pumzi.

“Ingia chumba changu cha zamani, kwenye kabati, chini ya vitabu. Bafta ya mama iko pale. Niliinunua na mushahara wangu wa kwanza.”