Bi Mwanamize Alipoitaka Damu Aliyoiita Mbovu

Mshawahi kumuona mnyama anakufa kwa joto huku kalazwa juu ya barafu?

Mtoto wa ami yangu, Ruqaya, kamuona. Kanipa ruhusa niyaseme, maana waliokuwepo siku ile washaanza kuyasimulia kombokombo.

Ruqaya ni daktari wa wanyama hapa hapa Muscat, kwenye kliniki moja Madinat Sultan Qaboos.

Siku hiyo jua limewaka mpaka lami inanata. Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mtu mzima na kikapu. Ndani ya kikapu, mifuko ya barafu. Juu ya barafu, fereti.

Kwa asiyemjua, fereti ni mnyama mrefu mwembamba, mfano wa nguchiro. Siku hizi watu wanamfuga ndani kama paka. Huyu alikuwa jike, jina lake Zabibu. Manyoya ya mkia yamepukutika, fizi nyeupe kama chokaa, miguu ya nyuma haimbebi.

Bibi akaanza kueleza huku anamtazama mnyama wake tu. Kwamba aliyemuuzia alimwambia kwenye simu kuwa Zabibu "ana joto". Basi akamuwashia AC usiku na mchana, akawa anamkanda kwa barafu, wiki baada ya wiki. Na mnyama anazidi kwisha.

Ruqaya hakusikia hata nusu.

Alikuwa keshamjua.

Bi Mwanamize.

Turudi nyuma kidogo. Miaka sita iliyopita Ruqaya alikuwa mchumba wa Muhanna, mtoto wa Bi Mwanamize. Wakaenda kupima damu kama wanavyopima watu wanaotaka kuoana. Baada ya hapo, kimya. Halafu posa ikavunjwa.

Halafu maneno.

Bi Mwanamize alipita nyumba hadi nyumba, kahawa hadi kahawa, akisema binti yule ana damu mbovu. Kwamba ana sikoseli, na atakayemuoa atazaa wagonjwa.

Uongo mtupu. Majibu ya Ruqaya yalikuwa safi. Lakini utamuonesha nani? Mama yake, Bi Muhsina, alimkataza kujitetea, akisema mtu akijitetea sana watu huamini lipo jambo.

Ruqaya angevumilia la kwake. Lililomchoma ni la mdogo wake, Aya. Aya alikuwa na mchumba, wanapendana. Mama wa mchumba akasikia habari ya "damu ya nyumba ile", akamtoa mwanawe. Aya alikaa chumbani mwezi mzima. Mpaka leo ukimtajia harusi anainuka.

Kwa hiyo miaka sita Ruqaya aliomba kitu kimoja tu: yule bibi siku moja amhitaji.

Na sasa huyu hapa, na kikapu chake.

Bi Mwanamize hakumtambua. Daktari kavaa barakoa na kofia, macho tu ndiyo yanaonekana.

Ruqaya alimpima Zabibu, akaelewa. Joto alilolisema muuzaji silo la jua. Ni joto la kutaka dume. Fereti jike akiingia kwenye joto hatoki mwenyewe mpaka apandwe. Asipopandwa, homoni zinazidi mwilini, zinaua uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa. Anabaki hana damu.

Kuna sindano ya kulizima joto lenyewe. Lakini aliyefika alipofika Zabibu hawezi kuisubiri sindano. Anataka damu ya fereti mwengine, tena siku hiyohiyo.

Na fereti mwengine alikuwepo. Bahlul, dume la Ruqaya mwenyewe, nene, analala nyuma ya kliniki. Wanyama hawa si kama sisi wenye makundi ya damu. Damu ya yeyote inamfaa yeyote.

Ruqaya alimbeba Zabibu, akafunga mlango.

Hapo, anasema, shetani alikaa naye. Nikichelewa tu, nani atajua? Nitatoka nimwambie tumejitahidi.

Zabibu akamlamba kidole.

Ruqaya akachukua mashine akamnyoa shingo. Akampiga sindano ya kuzima joto. Akamtoa damu Bahlul, akaipitisha kwa Zabibu taratibu, mpaka fizi zikaanza kurudi rangi.

Akavua barakoa, akatoka nje. Mnyama hana kosa. Mwenye kosa yuko pale kwenye kiti.

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

Bibi akainua uso. Ukamshuka.

"Zabibu hana damu," Ruqaya akamwambia. "Asipotiwa leo, hafiki kesho. Damu ninayo mimi, ya dume langu. Lakini si wewe uliyesema damu ya nyumba yetu mbovu? Unaitakaje sasa?"

"Ruqaya, mwanangu, nnakuomba..."

"Usiniombe mimi. Alasiri hii kuna kahawa kwa mama yangu, kule mtaa wa Mabela. Wapo walewale uliowapelekea maneno. Nenda kayarudishe. Ukishayarudisha, mnyama wako anatiwa damu."

Ndiyo, alishamtia. Alitaka tu amuone akidhalilika kama alivyodhalilika Aya.

 Bi Mwanamize akachukua mkoba wake, akampigia dereva.

Ruqaya akamwachia Zabibu daktari mwenzake wa kliniki, akawafuata nyuma.

Sebuleni kwa Bi Muhsina wanawake walikuwa wamejaa, halua katikati. Bi Mwanamize hakukaa. Alisema akiwa amesimama.

"Ruqaya hana ugonjwa wa damu. Hakuwa nao hata siku moja. Mimi nilitaka Muhanna amuoe mtoto wa dada yangu. Nikakosa sababu, nikaitunga."

Mama wa yule mchumba wa Aya alikuwepo. Alikikodolea macho kikombe chake, hakuinua uso tena.

Ruqaya alidhani yamekwisha. Bibi akaendelea.

"Aliyekutwa na asili ya sikoseli siku ile, haumwi lakini anaibeba damuni, ni mwanangu. Nikaficha. Nikamuozesha mtoto wa dada yangu bila kumpima, kumbe na yeye anayo. Mjukuu wangu Yaqdhan anatiwa damu hospitali tangu mchanga. Zabibu ni wake."

Hakuna aliyemuomba aseme hilo. Wala Ruqaya.

Aya aliinuka, akaenda jikoni.

Ruqaya alimfuata bibi mpaka kwenye gari. Alikuwa na neno la mwisho, kalitengeneza miaka sita. Alitaka kumwambia kuwa amehangaika bure, Zabibu keshatiwa damu zamani.

Bi Mwanamize akamtangulia.

"Nilijua ushamtia. Ulipofungua mlango nilimuona nyuma yako, na mrija wenyewe bado una damu. Mimi nnakaa wodini na mjukuu wangu. Najua mtu aliyetiwa damu anavyorudi rangi."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Kwa sababu ulimtia kwanza."

Gari likaondoka. Ruqaya akabaki barabarani na neno lake mdomoni.

Zabibu alitiwa damu tena mara kadhaa. Alipopata nguvu akafungwa kizazi, joto lile lisimrudie. Yaqdhan ndiye aliyekuja kumchukua, na babake. Muhanna aliganda mlangoni, hakuthubutu kuingia.

Mtauliza, kasamehe?

Hajasamehe. Kanambia kabisa nisiandike kuwa kasamehe. Ukweli ulifika Mabela, lakini yule mchumba wa Aya ana mke na watoto sasa. Ukweli haukumrudisha.

Ila usingizi, anasema, anaupata.

Ewe unayempaka mwenzio tope, ipo siku utamtafuta yeye huyohuyo akunawishe. Na ewe unayengoja zamu yako ya kulipiza, ikifika mlipize aliyekukosea. Usimlipize aliyemo kikapuni.