Binti wa Oruro Nyumbani kwa Brígida

Brígida Ocampos wa Villarrica, nchini Paraguay, hakuwa na shughuli na urafiki wa mataifa. Alikuwa mjane aliyeoka mikate ya muhogo na jibini, na alipokubali kumlea mwanafunzi wa kigeni kwa mwaka mmoja, alichotaka ni binti yake Celsa ajifunze Kifaransa. Jirani alikuwa amepata Mswisi. Yeye akaletewa Nelva Colque, kutoka Oruro, Bolivia.

"Mwalimu," alimnong'oneza mwalimu wa Celsa aliyemleta mgeni, "baba yangu aliacha mkono wake vitani Chaco, akipigana na hao hao Wabolivia."

"Ndiyo maana, Bi Brígida. Kuna faida gani kubadilishana watoto na watu ambao hatujagombana nao?"

Brígida akaupokea mzigo wa mgeni.

Mezani Nelva alishika kijiko, akatulia.

"Mbona huli?" Celsa akamuuliza.

"Nasubiri supu. Si mmesema leo ni supu?"

"Hiyo hapo mbele yako ndiyo supu."

Nelva akautazama ule mkate wa mahindi, mkavu kabisa, ambao Waparaguay huuita supu, yeye na Celsa wakacheka hadi machozi. Mzee Eleuterio, babake Brígida, hakucheka. Alichukua sahani yake kwa mkono uliosalia, akaenda kula uani.

Ikawa hivyo wiki kwa wiki. Akimbembeleza baba, Brígida alijiona anamsaliti mgeni. Akimliwaza mgeni, baba alinuna.

Mchana mmoja wa joto kali, Nelva alimfuata mzee kule uani. Brígida alikuwa kwenye tanuri, akasikia yote.

"Babu, nikuulize habari za Chaco?"

"Mimi si babu yako."

"Wangu alifia huko. Kaburi lake hatulijui."

Mzee akamtazama usoni. "Huenda nilimuua mimi."

"Huenda. Ila wenzake waliorudi walisema ni kiu."



"Kiu," mzee akasema. "Hiyo haikumuuliza mtu ni wa jeshi gani. Sisi tulikamua matope kwa shati, tukanywa. Keti basi, usinisimamie kama sajini."

Akamimina maji baridi juu ya majani ya terere, chai baridi ya kwao, akamwachia kikombe na mrija ule ule aliokuwa akinywea.

Usidhani walipatana. Miezi iliyobaki walibishana juu ya nani alianzisha vita, sauti zikifika hadi barabarani. Ila walibishana mezani, sahani zikiwa zimekaribiana.

Mwaka uliofuata Celsa naye alichaguliwa, akapelekwa Oruro, kwa kina Nelva. Sasa zamu ya kukosa usingizi ikawa ya Brígida, kama mamake Nelva mwaka uliotangulia. Mzee Eleuterio alifariki Celsa akiwa huko, naye hakuweza kurudi kumzika.

Aliporejea, mama yake alimuuliza kwa woga, "Ulilia peke yako, mwanangu?"

"Hapana, Mama. Mamake Nelva alivaa nguo nyeusi, akanipeleka kanisani, akamtaja babu kwa jina. Kisha akamtaja babake mwenyewe, yule wa Chaco. Misa moja kwa wote wawili."

Brígida alijifuta macho kwa aproni. Kesho yake alikwenda kwa mwalimu, akamwambia chumba kiko wazi, na safari hii asihangaike kumtafutia Mfaransa.