Siku Nilipomwita Koku Asome Mbele ya Kikao

Jamani, mwenzenu nimeumbuka, na kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyenisukuma, aibu niliifuata kwa miguu yangu.

Ilikuwa kikao cha wazazi hapa shuleni kwetu Nyaishozi, mwalimu mkuu akasema watoto wa la tatu wasiojua kusoma warudie darasa, na mimi badala ya kutulia kama wenzangu nikasimama (mdomo huu!), nikasema kumrudisha mtoto ni kumdhalilisha, mwaka jana walitaka kumrudisha Koku wangu nikakataa katakata, leo yuko la nne na kila jioni nikimenya ndizi jikoni ananisomea hadithi ya sungura na kisima. (Hadithi ni hiyo hiyo kila siku, mimi nikadhani anaipenda.) Wazazi wakapiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyoniponza, waitu, ndugu zangu, nikanogewa nikasema, "Mwiteni aje awasomee!"

Koku akaja na kitabu chake, akasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama, nami nikawa nawatazama walimu mmoja mmoja kwa dharau. Mwalimu mkuu akasema kwa upole, "Vizuri sana. Sasa tusomee hapa," akamfungulia katikati ya kitabu.

Koku akautazama ukurasa. Akaniangalia. Halafu akaanza, "Hapo zamani palikuwa na sungura," hadithi ile ile toka mwanzo, huku kidole chake kikipita juu ya maneno mengine kabisa.

Waliotangulia kucheka ni wale wale walionipigia makofi. Nawachukia hadi leo.

Njiani nikamgombeza, "Kwa nini hukuniambia hujui kusoma?"

Akajibu bila kuinua macho, "Mwaka jana nilimwambia mwalimu nataka kurudia. Akasema mama yako amekataa."

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu, shikamoo nyingi, nikamwomba amrudishe la tatu, akasema, "Mama Koku, umechelewa. Majina ya mtihani wa la nne yameshapelekwa."

Sasa mwanangu atakaa mbele ya mtihani asioweza kuusoma, kisa mama yake aliogopa majirani watasema nini. Mkiniona tena nasimama kwenye kikao kumsemea mtoto ambaye sijamuuliza, nivuteni kitenge nikae chini.