Daraja la Mlevi

Baba yangu hakuwahi kuonja pombe. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulisema kwa upole. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kufa na kupona, mtu wa kukataa hata togwa iliyolala siku mbili. Halafu kijiji kizima kikaliita daraja alilofia Daraja la Mlevi!

Wakati huo lilikuwa magogo matatu tu, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni. Masika moja, nikiwa darasa la tatu, baba aliteleza akachukuliwa na mto. Walimkuta huko chini kwenye matete, dumu la ulanzi limefungwa mgongoni kwa kamba. Ulanzi ni pombe ya mianzi, na masika ndiyo msimu wake, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza. Tanga halijaondolewa, jina limeshaenea.

Shuleni niliitwa mtoto wa mlevi. Nilipigana, nikachapwa, nikapigana tena. Mama alinipaka mafuta kwenye mikwaruzo bila kusema kitu. Nikadhani ni uchungu wa kufiwa. Nilipokuwa mtu mzima nikawa nasikia makondakta wa mabasi wakipiga kelele, "Wa Mlevi, mnashuka!" na abiria wanacheka. Wanacheka nini?

Mwaka jana daraja la zege lilikamilika, na kabla ya kusimamisha kibao cha jina mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Nilisafiri kutoka Mlandege, kule mjini ninakoshona nguo, hasira imenifika kooni. Jina hilo liandikwe kwa rangi, wajukuu zangu walisome? Thubutu!

Nikasimama nikawapa vidonge vyao. "Mlimzika mkamwimbia, kisha mkamgeuza kichekesho! Nani kati yenu aliwahi kumwona ameshika kikombe cha ulanzi? Aseme hapa!"

Kisha mzee mmoja akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Sawa, mwanangu. Na lile dumu lilikuwa la nani?"

Miaka yote hiyo swali hilo nimelijibu kwa ngumi. Nikafungua mdomo nimtukane, mama akanitangulia.

"Langu," alisema, amekaa palepale kwenye mkeka na wenzake wa kwaya. "Nilikuwa nagema kwa siri, nauza kilabuni ng'ambo. Siku ile nilishikwa na homa. Alikataa kulibeba, nikamlazimisha. Baadaye niliogopa kanisa litanitenga."

Mwenyekiti akalifuta jina hapohapo, hakuna aliyepinga. Akina mama wakalia, wazee wakamzunguka mama kumpa pole, eti ameonyesha ujasiri. Ujasiri gani? Aliniona nikirudi pua inavuja damu kwa kumtetea baba, akaifua sare yangu, Jumapili akaenda kwenye Meza ya Bwana na kitambaa cheupe kichwani. Mtu mmoja tu duniani alijua kwa hakika kwamba baba ni msafi, na mtu huyo nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Nimegombana na nusu ya wilaya, kumbe wa kugombana naye alikuwa ananipakulia ugali.

Tulipofika mtoni kurudi nyumbani, mama alininyooshea mkono nimshike tuvuke, maana macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Nikampita, nikavuka peke yangu.