Miezi Miwili ya Shemeji Rwekaza

Shemeji yangu Projest Rwekaza amestaafu kufundisha fizikia, lakini kusahihisha watu hajastaafu. Hapa kwake Ilemela, juu ya mawe, ukimwamkia kwa haraka anakurudisha uanze upya, utamke vizuri. Mimi ni dada wa mkewe, nina haki ya kumtania, na leo naitumia yote.

Mwaka jana aliunda darubini kwa bomba la plastiki. Ndani mna vioo viwili: kikubwa chini, cha kukusanya mwanga, na kidogo juu, kimekaa mshazari, cha kuurusha mwanga kwenye tundu la kuchungulia. Aliletewa vyote kutoka nje. Kile kidogo akakiangusha kwenye jiwe, kikavunjika. Mwenye akili angeagiza kingine. Rwekaza aling'oa kioo cha kabati la dada yangu Noela, kabati alilopewa na marehemu mama yetu, akampelekea Maige, fundi vioo wa Mabatini, amkatie kipande.

"Kioo ni kioo," alisema. Noela alilia. Mumewe akamwahidi kwamba siku atakayouona mwezi mle ndani atamshukuru.

Basi ikaanza kazi ya kuvilinganisha. Unaziba tundu kwa kifuniko chenye kitobo, unachungulia, unazungusha skrubu tatu mpaka jicho lako mwenyewe likae katikati kabisa ya vioo. Hakuna kazi duniani iliyomfaa zaidi mtu yule. Wiki tatu alijitazama, na kila siku alitoka na habari kwamba yuko katikati.

Jumamosi moja alasiri, nusu ya mwezi ikiwa tayari angani, aliwaita wanajumuiya wenzake wa kanisani waje washuhudie. Maige naye alikuja, atazame kipande chake kinafanya nini. Noela alivaa kitenge kipya. Alitaka sana ile ahadi iwe kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Wa kwanza kuchungulia alikuwa Mama Immaculata, mwenyekiti wa jumuiya.

"Mwalimu, mbona naona miezi miwili? Mmoja umefifia, umempanda mwenzake mgongoni."

"Tuliza jicho, Mama."

Akazungusha skrubu. Wa pili akaona miwili. Akazungusha tena. Wa tatu, miwili. Rwekaza akatangaza kwamba macho yasiyosoma huona mambo mawili mawili.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Maige, taratibu. "Siyo macho yao. Kioo cha kabati langi yake iko nyuma. Mwanga unagonga glasi mala ya kwanza, mwingine unapita, unagonga langi mala ya pili. Skulubu haiponyi hiyo. Cha dalubini kinatakiwa kipakwe mbele."

Hata mimi niliyefeli fizikia nilielewa. Ilibaki neno moja tu, nimekosea, na Noela alikuwa akimtazama mumewe mdomoni akilisubiri.

"Rangi," akasema Rwekaza. "Sema rangi. Na siyo mala, ni mara." Akainamia skrubu zake.

Noela akaweka chini sahani ya senene wa kukaanga.

"Langi," akasema kwa sauti ya kusoma somo kanisani. "Langi iko nyuma, mume wangu. Kioo changu umekikata bule."

Jumuiya nzima ikacheka, mimi kuliko wote. Rwekaza akafungua mdomo, akamtazama mkewe, akakosa pa kuanzia kumsahihisha.