Uzi wa Edson

Hilda hakuwa mbea, ila jambo likimkaa kichwani, usingizi humruka. Safari hii lilikuwa hili: kwa nini mafundi wanamkimbia? Kitalu chake cha parachichi pale Njombe kilisifika, mshahara haukuchelewa, chai ilikuwa na maziwa. Hata hivyo Dorosela alihamia Makambako mwaka jana, na sasa Edson naye ameaga. Kwa kubebesha, yaani kupachika kikonyo cha parachichi bora juu ya shina la kienyeji, Edson hakuwa na mpinzani. Msimu ulikuwa mlangoni. Akiondoka, kitalu kimekwisha, na Hilda alilijua hilo.

Alimwongezea mshahara. Edson akashukuru, macho chini, wala hakubadili neno. Akamfanya msimamizi, akashukuru tena. Mtu wa namna hii utamfanyaje?

Basi Jumamosi Hilda akaenda Makambako, hadi mtaa wa Lyamkena alikohamia Dorosela, ajionee mwenyewe ni asali gani wanayolambishwa huko. Akakuta kitalu kidogo, kivuli cha magunia, chai ya rangi. Lakini kwenye kila mche ulining'inia uzi wa sufu, huu wa njano, ule wa buluu. Alipouliza, Dorosela alicheka.

"Dada, umesahau? Kila fundi na uzi wake. Wewe ndiye uliyetukataza."

Kweli. Mwaka juzi Hilda aliziona nyuzi zile uchafu, akaagiza vibandiko vyeupe vyenye jina la kitalu. Vikapendeza. Hakujua, hadi Dorosela alipomweleza, kwamba Jumapili, baada ya misa, mafundi huzunguka mashamba ya watu, wengine hadi Ludewa, wakitafuta nyuzi zao waone mti umefikia wapi. Wakulima nao huzihamishia tawini mti unapokua. Hilda aliona haya njia nzima ya kurudi.

Jumatatu alimwekea Edson donge la uzi mwekundu mezani, akamwomba radhi. Edson akaligeuzageuza, akakata kipande, akafunga mche wa kwanza, kisha wa pili. Habari za kuondoka hazikutajwa tena. Jua lilipopanda ndipo alipouliza.

"Na ile miche yangu iliyokwenda na vibandiko, mama, nitaijuaje?"

Hilda akachukua kibandiko kimoja cheupe, akakigeuza huku na huku: jina la kitalu tu.