Mafuta ya Miguu ya Kaptula

Samli ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu ina harufu isiyoomba ruhusa. Huingia puani ikiwa imebeba moshi wa jikoni na maziwa ya jana, na ukiiyeyusha pamoja na nta ya nyuki, hupata utamu mzito unaokaribia kuchefua. Kwetu Nyamiaga, wilayani Ngara, kiangazi kile ambacho kambi ya Lukole ilikuwa imejaa watu, harufu hiyo niliikuta nyuma ya zizi la mbuzi, mahali ambapo haikuwa na sababu ya kuwepo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Sikwenda kuuliza ni nini. Nilijibanza kwenye migomba nikachungulia, maana siku hizo watoto tulikuwa tumejifunza kuchungulia kwanza na kuamkia baadaye.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakimbizi walipoingia, wazazi wetu waliwapelekea ndizi na maji barabarani, na padri alituhubiria kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini watu walikuwa wengi kuliko miti ya kuni na kuliko maji ya chemchemi, na penye wengi pana mengi. Ikawa mkungu ukikatwa shambani, ni wao. Kuku akichukuliwa na kicheche, ni wao. Jirani yetu mmoja aliitangaza sufuria yake kuwa imeibwa, ikaonekana uvunguni mwa kitanda chake mwenyewe, na hakuna aliyemsikia akiomba radhi. Jambo la ajabu ni kwamba Kihangaza chetu na Kirundi chao ni lugha ndugu. Tulielewana kila neno, na bado hatukuaminiana.

Mwanamke niliyemwona nyuma ya zizi aliitwa Domitila. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mwembamba, mwenye visigino vilivyopasuka. Alikuwa akitoka Lukole alfajiri kuja kutulimia, na jioni Mama akimpa maharage na ndizi za kupeleka kwa watoto wake. Hakutakiwa kufika mbali na kambi namna ile bila kibali, kwa hiyo alipita njia za mashambani na kuzungumza kwa sauti ya chini. Hilo nalo lilihesabiwa kuwa dalili. Mtu mwema, majirani walisema, hapiti vichochoroni.

Siku hiyo alikuwa amepiga magoti, na mguu wa mbwa wetu ulikuwa juu ya paja lake. Mbwa huyo aliitwa Kaptula kwa sababu alikuwa mweusi mwili mzima isipokuwa mapaja ya nyuma, yaliyokuwa meupe kama mtu aliyevaa kaptula ya shule. Alikuwa mchungaji kuliko mimi. Mbuzi aliyejitenga alimrudisha kundini bila kumng'ata. Lakini kiangazi kile vilima vilikuwa vimechomwa moto, na kila siku alikanyaga majivu ya moto na visiki vilivyochongoka kama misumari, mpaka nyayo zake zikakauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Juu ya hayo, funza walikuwa wamejenga katikati ya vidole. Alitembea kama mtu anayepita juu ya makaa, na akilala alijilamba mpaka damu ikatoka. Baba alimwona, akasema atapona mwenyewe, mbwa ni mbwa.

Domitila alimwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Akachomoa pini kwenye upindo wa kitenge, akawatoa funza mmoja mmoja, taratibu, huku akinong'ona maneno nisiyoyasikia. Kisha akachota kwenye kopo lililotoa harufu ile, akapaka nyayo, akapaka kingo za kucha, akapenyeza kidole katikati ya vidole ambako ngozi huwa laini na huumia upesi. Mwisho akamvika vifuko vinne vya kipande cha blanketi, akavifunga kwa kamba za mgomba, si kwa kukaza sana. Kaptula, ambaye alimng'ata hata mjomba wangu, alitulia kama mtoto anayesukwa nywele. Utulivu huo ndio ulionitia hofu.

"Toka huko, uje umshike kichwa," Domitila alisema bila kugeuka. Nikatoka kwa aibu. Alinionyesha jinsi mafuta yanavyoingia kwenye mipasuko. "Asitembee siku tatu. Akikanyaga majivu, kazi yote imekwenda bure. Mwambie baba yako akirudi."

Baba alikuwa amekwenda matangani Nemba, wilayani Biharamulo, na Mama alikuwa akishinda kwenye mashamba ya bondeni. Sikumwambia Mama. Nilijua akisikia kwamba mbwa haendi malishoni angenizuia kwenda, au angenitafutia mtu mzima wa kunisindikiza, nami nilipenda uhuru wa kule kilimani. Kesho yake nikatoa mbuzi watano peke yangu.

Ilipokaribia adhuhuri nikasikia ngurumo barabarani. Malori ya chakula yalikuwa yakienda Lukole, na moja lilikuwa limepasukiwa gurudumu, magunia yamepasuka, punje za mahindi ya njano zimemwagika vumbini. Watoto walikuwa tayari wameinama wakiokota. Nikashuka mbio. Nilisema moyoni nitaokota kiganja kimoja tu nirudi. Nilirudi kivuli changu kikiwa kirefu, upindo wa gauni umejaa mahindi, na mbuzi kilimani walikuwa watatu.

Niliwatafuta nikiita mpaka sauti ikakauka. Mahindi nikayamwaga kichakani. Nilipofika nyumbani nilimkuta Baba amesimama uani, vumbi la safari bado liko kwenye viatu vyake.

"Wawili wako wapi?"

Nilimwangalia Kaptula, aliyekuwa amelala ukutani na vifuko vyake vinne. Mdomo ukanitangulia. "Yule mama wa kambini alimpaka Kaptula dawa miguuni, na tangu hapo hatembei. Alikuwa ananong'ona." Kila neno lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Asubuhi Domitila alipofika na jembe lake begani, aliwakuta wanaume watano wamekaa barazani kwetu, balozi wa nyumba kumi akiwa katikati, na kopo lake liko chini mbele yao. Alisalimia. Waliitikia kwa kuchelewa.

"Hiki ni nini?" balozi aliuliza.

"Nta na samli, mzee."

"Na kwa nini umpake mbwa asiye wako?"

"Alikuwa anatoka damu."

Jibu lilikuwa fupi mno kwa watu waliokwisha kuandaa jibu lao refu. Mmoja alisema mafuta hayo ni ya kumlegeza mbwa ili wenzake kambini wapate njia. Mwingine alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Domitila akaliinua kopo, akachota kwa kidole, akaramba mbele yao. "Mwenye kutengeneza sumu anajua kujikinga nayo," yule wa kwanza akasema, na nikaona vichwa vikitikisika kukubali. Hata mimi, niliyekuwa najua mbuzi walivyopotea, nilijikuta nikimwangalia mdomo kuona kama utavimba.

Ndipo akaeleza, akiangalia jembe lake. Walipokimbia, mbwa wao aliwafuata siku nyingi katika barabara ya mawe, mpaka nyayo zikachunika, akalala pembeni na kuinua kichwa tu. "Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Sikuwa na mkono wa tatu." Akaliweka jembe chini. "Nilimwambia huyu binti mbwa asitembee siku tatu, na amwambie baba yake."

Macho yote yakanigeukia. Baba akauliza, "Alikuambia?"

Nikatikisa kichwa. Hapana.

Nimekuwa mtu mzima, nimeona mengi, lakini sijaona tena macho kama yale aliyonitazama nayo Domitila. Hayakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayehakikisha kwamba amehesabu vizuri. Balozi akamwambia ashukuru hapelekwi polisi, maana hana kibali, asionekane tena Nyamiaga. Akaliokota jembe, kopo akaliacha palepale, akaondoka.

Baba alitaka kulitupa. Mama akalichukua, na kwa siku zilizofuata nilimwona kila asubuhi akimpaka Kaptula nyayo, akimfunga vifuko upya. Baada ya siku tano mzee mmoja mkimbizi alikuja akimvuta mbuzi wetu mmoja kwa kamba. Alimkuta kwenye mihogo jirani na kambi, akauliza alama ya sikio nyumba hadi nyumba mpaka akatufikia. Baba alimpa maji, akamshukuru, na mzee alipotoweka kwenye kona akasema, "Mmoja wamemla, mwingine wamemrudisha ili kutuziba macho."

Wiki iliyofuata Kaptula alianza kukimbia. Nyayo zilikuwa zimefunga, nyeusi na laini kama ngozi ya kiatu kilichopakwa rangi. Siku ya kwanza tuliyorudi naye kilimani, mimi na Baba, alituacha akaelekea kwenye shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali, akasimama ukingoni akibweka. Mbuzi wa pili alikuwa chini, shingo imevunjika, ameoza, kamba yake bado shingoni. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa. Baba alitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Labda walimtupa humu."

Hapo nikashindwa. Nilimwambia kuhusu lori, mahindi, siku tatu, na kichwa changu kilivyotikisika. Nililia huku nikingoja fimbo. Fimbo haikuja. Baba alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akaivaa tena. Jumapili baada ya misa alikata mkungu mkubwa kuliko yote shambani, akamtwika Mama kichwani, akasema kwa sauti ndogo, "Mpeleke na huyu kambini." Yeye mwenyewe hakwenda.

Tulitembea asubuhi nzima, Kaptula akitangulia. Lukole ilikuwa mistari na mistari ya vibanda vya maturubai, na watu walitutazama kama sisi tulivyozoea kuwatazama: mikononi kwanza, kuona tumebeba nini na tunataka nini. Tulipompata Domitila alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia mara moja. Kaptula alikuwa amekwisha kumfikia, naye akaweka ungo chini, akauinua mguu wake, akaupindua, akabonyeza unyayo kwa kidole gumba. Akakagua yote minne. Ndipo akasema, "Marahaba."

Mama alinisukuma bega. Nikaungama, kwa Kihangaza, kwa sababu Kiswahili cha shule hakikuwa na maneno ya kutosha. Domitila alisikiliza mpaka mwisho. Akamshukuru Mama kwa ndizi. Mama alipomwomba arudi kulima, alitikisa kichwa.

"Sina kinyongo na mtoto. Lakini siku kitu kingine kikipotea, nitakuwa mimi tena."

Tuligawana naye maharage ya kuchemsha tukaondoka, na ilibidi tumvute Kaptula kwa kamba. Miaka ilipita, wakimbizi wakarudishwa kwao, na sijui alikofika.

Leo naishi hapahapa Ngara mjini. Kwenye duka la dawa za mifugo kuna marhamu ya makopo mazuri kwa ajili ya nyayo za mbwa na paka, na mwanangu humpaka paka wetu bila mtu kumuuliza kwa nini. Kwenye vilima nilikochungia miti imeota tena. Ukuta wa nyumba yangu una vipande vya chupa juu, na majirani wana kufuli kubwa kuliko milango. Wakimbizi hawapo, lakini simu ikipotea bado tunamtafuta aliyefika mtaani jana. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, kisha tunakwenda kupekua nguo za mgeni. Mimi sasa ni mjumbe wa baraza la mtaa, na mashtaka ya namna hiyo huletwa mbele yangu. Mtu huja na jina tayari mdomoni. Namkaribisha kiti, namwacha amalize, na kabla sijamwita mtuhumiwa namuuliza yeye kwanza, mbele ya wote: ilipotokea, wewe ulikuwa wapi? Wengi hukasirika. Baadhi huinamisha macho, na hao nawafahamu vizuri sana.